Hisa imepanda bei? Tazama kwanza zimeuzwa ngapi

Ndugu zetu mlioko Muscat, Doha na kwingineko, wengi mnatuuliza: hisa fulani ya nyumbani imepanda, tununue? Sisi hatutazami bei peke yake, tunatazama na kiasi, yaani hisa ngapi zimeuzwa siku hiyo. Bei ikipanda kwa kiasi kikubwa kuliko kawaida, wanunuzi wapo kweli. Ikipanda kwa hisa mia mbili tu, pengine ni mtu mmoja mwenye haraka zake.

Hesabu yake Mmarekani Joseph Granville aliieleza mwaka 1963, na daftari linatosha. Siku bei ikifunga juu, jumlisha kiasi, ikifunga chini, toa, isipobadilika, acha. Jumatatu imepanda, 5,000. Jumanne imeshuka, 8,000. Jumatano imepanda, 1,000. Umebaki na hasi 2,000, hata kama bei iko juu kuliko ulipoanza. Hapo sisi tungesubiri kwanza.

Na kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam kuna kampuni zinazopitisha siku nzima bila hisa hata moja kuuzwa. Hela ya ada usiiweke huko: shule zikifungua, mnunuzi utamtoa wapi?