Ekipe inapanda, makuta inashuka

Bandugu, basapota wakiuliza makuta ya ekipe yao inatoka wapi, tusiwaite wasaliti. Tuangalie Bury, ekipe ya Uingereza iliyozaliwa 1885. Desemba 2018, Steve Dale aliinunua kwa paundi 1 tu. Bei ilikuwa vile sababu mwenye kununua anabeba na madeni. Aprili 2019 Bury ikapanda divisheni, lakini wachezaji walikuwa wanangoja mishahara. Ligi ikaomba uthibitisho wa pesa, haikuridhika. Tarehe 27 Agosti basapota walienda kusafisha uwanja wakitumaini mechi itachezwa. Siku ile ile ekipe ikafukuzwa kwenye ligi.

Mimi nilisoma kilimo: shamba linaweza kuwa kijani kabisa, kumbe mbegu ya mwaka kesho imeshaliwa. Ushindi ni majani tu. Njo maana kabla ya kumpigia patron makofi, tuulize mambo matatu. Mishahara inalipwa kwa wakati? Ekipe iko na deni kwa nani? Na uwanja, umewekwa rehani? Uwanja wa Bury ulikuwa umewekwa.

Patron anaweza kuondoka. Basapota ndio wanabakia.