Si Kila Yangeyange ni Shahidi wa Maji

Jina yangeyange limekuwa kapu kubwa ambamo tumetia kila ndege mweupe mwenye shingo ndefu na miguu mirefu. Hapa Dodoma, mvua za Desemba zikishaanza na majani yakichipua katika viunga vya Kikuyu Kaskazini na Kikuyu Kusini, wananchi huwaona ndege hao wakifuatana na ng'ombe, nao hujiridhisha kwamba maji yapo na mambo ni shwari. Ndugu zetu wa Visiwani, wanaofika makao makuu kwa shughuli za Bunge na Serikali, husema huyu ni yule yule wa mabonde ya Cheju na wa fukwe za Pemba. Hatukubaliani na kauli hizo, wala huu si ubishi wa majina tu.

Anayefuata ng'ombe ndiye mfupi kuliko wenzake, urefu wake kiasi cha sentimita 50. Shingo yake ni nene, mdomo mfupi wa manjano, na wakati wa kuzaa hupata rangi ya machungwa iliyofifia utosini, kifuani na mgongoni. Chakula chake kikubwa ni panzi wanaokurupushwa na kwato. Huyu hahitaji bwawa ili ale; malisho na shamba lililolimwa humtosha. Ndiyo maana ameenea sehemu nyingi za dunia: alivuka Bahari ya Atlantiki kutoka Afrika, akafika Amerika ya Kusini mwishoni mwa karne ya 19, na katika miaka ya 1950 alikuwa akizaliana Florida, Marekani. Ndugu zetu wakimwona Cheju, kweli ni huyo huyo.

Wenzake hawaishi hivyo. Yangeyange mdogo ana mdomo mwembamba mweusi, miguu myeusi na vidole vya manjano kana kwamba amevaa soksi. Huuchezesha mguu wake ndani ya tope ili samaki wadogo watoke mafichoni. Yangeyange mkubwa, ambaye kimo chake hukaribia mita moja, husimama majini bila kutikisika hadi windo limkaribie. Miguu yake ni myeusi mpaka vidoleni, lakini mdomo wake, ulio wa manjano, hugeuka mweusi wakati wa kuzaa. Kwa hiyo rangi ya mdomo peke yake hudanganya. Alama ya uhakika ni mstari wa kinywa, ambao kwake hupita nyuma ya jicho. Kwa yule wa kimo cha kati, mstari huo huishia chini ya jicho, na mdomo ni mfupi zaidi.

Yule wa fukwe za Pemba na Mafia ni mwingine tena. Wapo walio weupe na wapo wa kijivu kilichokoza, nao ni jamii moja. Huwinda miambani maji ya bahari yanapokupwa. Huyo ni wa pwani, asitafutwe Dodoma.

Mtawala hana budi kuzijua tofauti hizi. Bwawa la Hombolo, lililojengwa mwaka 1957, na eneo oevu la Bahi, linalopokea maji ya Mto Bubu, hujaa na kupungua kwa kufuata mvua, na mvua yenyewe huanguka karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Penye maji ya kina kifupi yenye samaki na vyura, yangeyange wa majini hupata riziki. Kingo zikilimwa hadi majini na tope likakijaza kina, hao hukosa pa kulia, wakahama. Wa ng'ombe hubaki. Basi ofisa anayeandika katika taarifa yake kwamba "ndege weupe ni wengi" huenda ameandika habari za ng'ombe, si za maji.

Historia ina funzo. Mwishoni mwa karne ya 19, yangeyange wa nchi nyingi waliuawa kwa maelfu ili manyoya yao yapambe kofia za mabibi wa Ulaya na Marekani. Waliuawa wakiwa viotoni, na makinda yakaachwa yafe. Uingereza ilipiga marufuku uingizaji wa manyoya hayo kwa sheria ya mwaka 1921. Leo hatari kubwa ni kukauka na kuzibwa kwa mahali pa kusimama.

Dodoma iliamuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, na tangu mwaka 2016 Serikali imehamia kwa kasi. Nyumba na barabara lazima zijengwe. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza, kwa Tanzania Bara, shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, maziwa na mabwawa. Mita hizo ndizo uhai wa ndege tuliowataja, na wa binadamu anywaye maji hayo.

Rai yetu ni hii: maofisa wanaokagua mabonde na mabwawa wahesabu kila aina ya yangeyange peke yake, na waalimu wa Bara na Visiwani wawafundishe watoto kutazama mdomo, miguu na vidole kabla ya kutaja jina. Asiyemtambua shahidi hawezi kuupima ushahidi.