Diski Kubwa Haitoshi

Shule ya Didia au kambi ya wachimbaji Geita ikitaka kupunguza gharama ya intaneti kwa proksi, swali la kwanza huwa ukubwa wa diski. Lingekuwa la pili. Proksi ni kompyuta inayohifadhi nakala za vitu vinavyopita, ili anayeomba kitu kilekile baadaye akipate hapohapo, kisifuatwe tena Dar es Salaam, karibu kilomita 1,000, au ng'ambo kwa nyaya za baharini. Nafasi ikijaa, lazima kitu kitupwe, na kanuni ya kuchagua cha kutupa ndiyo sera. Mwaka 1999 Lee Breslau, Pei Cao na wenzao walichunguza kumbukumbu za proksi kadhaa, wakaonyesha kwamba vitu vichache huombwa mno na vingine vingi huombwa mara chache tu. Ndiyo maana kila ukiizidisha diski mara mbili, kiwango cha maombi yanayojibiwa na nakala hupanda kidogo tu.

Sera ina uzito zaidi. Squid, programu ya proksi isiyolipiwa, isipoguswa hutupa kilichokaa muda mrefu bila kuombwa. Inazo sera nyingine: GDSF hupendelea vitu vidogo vinavyopendwa, hivyo maombi mengi zaidi hujibiwa, LFUDA hushikilia vinavyopendwa hata vikiwa vikubwa, hivyo baiti nyingi zaidi huokolewa. Hapa ripoti za proksi huwapoteza wengi. Picha ndogondogo zinaweza kupandisha asilimia ya maombi yaliyojibiwa ikapendeza, huku sasisho moja la megabaiti 500, likishushwa na kompyuta 30, likimeza gigabaiti 15 za bando. Tena, kwa mpangilio wake wa awali, Squid haihifadhi faili linalozidi megabaiti 4! Uiwekee diski ya ukubwa wowote, sasisho hilo litapita bila kuacha nakala.

Wapo watakaosema proksi zimepitwa na wakati, kwa kuwa kurasa nyingi sasa zimesimbwa. Kuhusu kurasa wako sahihi, na kuzifungua kwa nguvu ili kuzihifadhi ni kuchungulia mambo ya watu. Lakini masasisho ya Windows na vifurushi vya Linux bado mara nyingi husafiri bila kusimbwa, vikilindwa na sahihi za kidijiti. Na hifadhi zenyewe za nakala hazikufa. Zimehamia kwa watoa huduma na kwenye vituo vya kubadilishana data. Nchini Kenya, sehemu ya data inayopatikana ndani ya nchi ilipanda kutoka takribani asilimia 30 mwaka 2012 hadi 70 mwaka 2020, na hifadhi hizo zilichangia. Huko nako sera ndiyo huamua: Akamai, kampuni ya kusambaza maudhui ya intaneti, ilipogundua kwamba takribani robo tatu ya vitu huombwa mara moja tu, ikaanza kuhifadhi kitu kinapoombwa mara ya pili, na baiti zilizojibiwa na nakala zikapanda kutoka asilimia 74 hivi hadi 83.

Mkuu wa shule akiletewa ripoti yenye asilimia ya maombi peke yake, adai na ya baiti kabla hajaidhinisha fedha za diski mpya.