Mhuri wa Kasanga katika Albamu ya Stempu

Ukusanyaji wa stempu, ambao wataalamu wake huuita filateli, kwa kawaida huanza utotoni, na huanza kwa kuvutiwa na picha: mtoto huona twiga wa stempu za Tanganyika za mwaka 1922, au vipepeo wa stempu za Tanzania za mwaka 1973, akaloweka kipande cha bahasha katika maji ya uvuguvugu mpaka gundi ilegee, kisha akaianika stempu kifudifudi juu ya gazeti. Kwa anayekusanya kumbukumbu za Ufipa, kusini-magharibi mwa Tanzania, kubandua huko ndiko kunakoharibu mali.

Sababu ni mhuri, yaani alama ya wino ambayo karani wa posta huigonga juu ya stempu ili isitumike tena, nao hutaja mahali na tarehe. Zama za Wajerumani, Ufipa ilikuwa chini ya boma la Bismarckburg, ambalo lilijengwa Kasanga, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, chini kabisa ya uwanda wa juu. Stempu za koloni zilizoanza kutolewa mwaka 1901 zilikuwa na picha ya Hohenzollern, meli ya anasa ya Kaisari, ambayo bila shaka isingefika ziwani humo hata kwa kuburutwa, na mchoro huohuo ulitumika katika makoloni mengine ya Ujerumani, kilichobadilika kikiwa jina la koloni na fedha yake; hapa rupia moja ilikuwa pesa 64, na katika stempu za kuanzia mwaka 1905 ikawa heller 100. Stempu kama hiyo haisemi lolote kuhusu Ufipa mpaka igongwe mhuri wa Bismarckburg.

Waingereza waliiteka Kasanga mwezi Juni 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na vita hivyo vikaleta stempu za dharura: zile za Nyasaland zilizopigwa chapa ya herufi N.F., kisha zile za Afrika Mashariki na Uganda zenye herufi G.E.A., kabla ya twiga kushika nafasi. Mkusanyaji makini huhifadhi bahasha nzima, pamoja na S.L.P. ya mpokeaji na mikunjo yake, kwa kuwa bahasha chakavu yenye mhuri unaosomeka wa Sumbawanga, mji wa Ufipa, humweleza mengi kuliko kurasa za stempu mpya ambazo hazijawahi kusafirisha barua.