Mstaafu, Gari-Nyumba na Kazi ya Mbali: Maelezo kwa Walimu na Wanafunzi wa Tafsiri

Katika vipindi vyetu vya ufahamu na tafsiri, matini kuhusu wastaafu wa Marekani wanaosafiri katika magari yenye kitanda na jiko hujitokeza mara kwa mara. Wanafunzi wengi huyatafsiri maneno bila kuielewa hali yenyewe. Matokeo yake ni kwamba gari hilo huitwa "gari la burudani", na mstaafu huonekana kuwa tajiri anayejistarehesha tu. Makala hii fupi inakusudia kueleza hesabu inayomkabili mstaafu huyo, kisha tutarejea kwenye istilahi.

Kustaafu na malipo yake

Kitenzi "staafu" kimetokana na Kiarabu, na asili yake ni kuomba kuondolewa kazini. Hapa Uganda, mtumishi wa umma hustaafu kwa lazima atimizapo miaka 60, na mwanachama wa NSSF huweza kuchukua akiba yake kwa mkupuo afikapo miaka 55. Nchini Marekani mfumo ni tofauti. Mpango wa Social Security, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1935, hulipa kila mwezi hadi mtu afariki. Hauna kiinua mgongo cha kujengea nyumba au kununulia gari.

Mtu anaweza kuanza kulipwa akiwa na miaka 62. Hata hivyo, kwa waliozaliwa mwaka 1960 au baadaye, umri wa malipo kamili ni miaka 67. Tuchukue mfano: anayestahili dola 1,000 kwa mwezi akiwa na miaka 67 atapata takriban dola 700 akianza akiwa na 62, na dola 1,240 akisubiri hadi 70. Subira hapa inavuta heri, lakini sharti mtu awe na kitu cha kula wakati anasubiri. Ndipo kazi ya saa chache inapoingia.

Kufanya kazi baada ya kustaafu

Anayepokea malipo kabla ya umri kamili huwekewa kikomo cha kipato cha kazi. Mwaka 2025 kikomo hicho kilikuwa dola 23,400. Kwa kila dola 2 zinazozidi, dola 1 ya malipo huzuiliwa. Kwa hiyo aliyepata dola 29,400 alizidisha 6,000, akazuiliwa 3,000. Fedha hizo hazipotei kabisa, kwani malipo yake ya mwezi hukokotolewa upya afikapo umri kamili, na tangu hapo kikomo huondolewa. Katika mwaka anaofikia umri huo masharti huwa mepesi zaidi.

Kazi anazoweza kufanya akiwa safarini ni kama vile kuhariri, kutunza vitabu vya hesabu, kujibu maswali ya wateja au kufundisha lugha. Zote zinahitaji intaneti ya kuaminika, ambayo kambi nyingi za porini hazina. Tangu mwaka 2022 Starlink imetoa huduma ya setilaiti kwa wasafiri, ila nayo ni gharama ya kila mwezi. Wengine huchagua vibarua vya msimu kambini au kwenye maghala. Maisha hayo yalielezwa katika kitabu cha Jessica Bruder, Nomadland, cha mwaka 2017, na filamu iliyotokana nacho ikapata tuzo ya Oscar ya filamu bora mwaka 2021. Wahusika wake wengi hawakuondoka nyumbani kwa starehe. Kodi ya nyumba ndiyo iliyowashinda.

Suala la afya nalo ni zito. Bima ya serikali, Medicare, aghalabu huanza miaka 65. Aliyestaafu akiwa na 62 ana miaka mitatu ya kujitafutia bima, na kazi za saa chache mara nyingi hazitoi. Hata baada ya 65, Medicare ya asili hutumika kwa daktari yeyote nchini anayeikubali, ilhali mipango ya kampuni binafsi mara nyingi humfunga mtu kwa madaktari wa eneo lake. Kwa msafiri, tofauti hiyo ni kubwa.

Kwa nini gari dogo?

Magari-nyumba makubwa, yenye umbo la basi, hufika futi 45. Yale yaliyotengenezwa kutokana na magari ya van huwa futi 20 hivi. Makubwa mara nyingi hayafiki maili 10 kwa galoni moja ya mafuta, na madogo huweza kwenda 15 au zaidi. Aidha, gari dogo huingia mahali ambapo kubwa halipiti. Katika Hifadhi ya Glacier, jimbo la Montana, sehemu ya juu ya barabara maarufu ya milimani hairuhusu gari linalozidi futi 21. Lakini udogo una bei yake: wanandoa wawili, meza moja, na mmoja wao yumo katika mkutano wa mtandaoni huku mwenzake akipika. Ndiyo maana wapo wanaobaki na nyumba yao na kununua trela ndogo ya safari fupi.

Istilahi

Tunapendekeza "gari-nyumba" kwa lile linalojiendesha na "trela ya kulala" kwa linalovutwa. "Kazi ya muda" tuiache kwa ajira isiyo ya kudumu. Ajira isiyojaza siku nzima tuiite "kazi ya saa chache", maana mtu anaweza kuifanya kwa miaka kumi. "Kazi ya mbali" inafaa pale ambapo mfanyakazi yuko mbali na ofisi, lakini "kazi ya mtandaoni" inaeleweka upesi zaidi.

Walimu wanaweza kuwapa wanafunzi zoezi hili: mstaafu ana miaka 63, hana nyumba, na amepewa kazi ya mtandaoni ya dola 27,400 kwa mwaka. Je, aanze kuchukua malipo yake sasa? Mwanafunzi atakayejibu kwa Kiswahili sanifu, akionyesha hesabu ya mwaka 2025, atakuwa ameielewa matini kabla ya kuitafsiri.