Kipaji, Kiburi na Kalenda ya Mwili

Karibu kila shule ya sekondari humpata, mwaka hadi mwaka, mwanafunzi wa namna hii: yuko Kidato cha Kwanza, huwaacha mbali wenzake katika mbio za mita 100, huchelewa mazoezini, humkejeli aliyeangusha kijiti, na siku akishindwa humlaumu mwamuzi. Husemwa kwamba amezaliwa na kiburi. Lakini mara nyingi kiburi hicho kimefunzwa, na baadhi ya waliokifunza ndio wanaokilalamikia.

Uchunguzi uanze na mwili. Kasi ya kurefuka hufikia kilele, kwa wastani, katika umri wa miaka 12 hivi kwa wasichana na 14 kwa wavulana. Wastani huo huficha mengi, kwani wavulana wawili waliozaliwa mwezi mmoja waweza kupishana kwa miaka miwili au zaidi katika kukomaa. Aliyetangulia kubalehe amekwisha kupata homoni ya testosteroni kwa wingi, nayo hujenga misuli. Mwenzake angali na mwili wa kitoto. Hivyo sehemu ya ushindi ni kipaji, na sehemu ni kalenda tu. Kijana mwenyewe hawezi kuzitenganisha sehemu hizo. Ajualo ni kwamba hushinda bila kutoka jasho, basi huamua kuwa mazoezi ni ya wasiojaliwa. Kwa ushahidi alio nao, uamuzi huo si wa kipumbavu. Taabu huja miaka miwili mitatu baadaye, wenzake wamfikiapo naye hajajifunza kujituma.

Sifa nazo huchangia. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck, wa Marekani, walichapisha majaribio waliyowafanyia watoto wa darasa la tano. Baada ya mafumbo mepesi, baadhi yao walisifiwa kwa akili, wengine kwa bidii. Kisha wote walipewa mafumbo magumu wakashindwa. Waliporudishiwa mepesi, waliosifiwa kwa bidii waliendelea vizuri zaidi; waliosifiwa kwa akili walirudi nyuma, na zaidi ya theluthi moja yao waliongeza uongo walipotakiwa kutaja alama zao. Mafumbo si riadha, na tafiti za baadaye hazikupata kila mara tofauti kubwa kiasi hicho; hata hivyo mwalimu wa michezo ataitambua tabia hiyo.

Afanyeje basi? Saa ya kupimia muda itamfaa kuliko hotuba. Kijana ashindanishwe na muda wake mwenyewe wa wiki iliyopita, na asifiwe kwa jambo alilolirekebisha, kama vile kuondoka vizuri mstarini.

Lililo gumu zaidi ni kanuni. Mwaka 1957 C. B. Ferster na B. F. Skinner walitoa kitabu kinene juu ya njiwa waliodonoa kitufe ili wapate nafaka. Njiwa aliyelipwa kila mara huacha upesi malipo yakikoma. Aliyelipwa mara moja moja huendelea kudonoa kwa muda mrefu sana. Mwalimu anayemwadhibu mtoro wiki nzima, kisha akamsamehe kwa sababu kesho ni fainali ya UMISSETA, anamlipa kwa mtindo huo wa pili. Kanuni ya mahudhurio hutangazwa mwanzoni mwa muhula, kwa wote, nayo hufuatwa hata siku ya fainali, ingawa huenda timu ikakosa kombe.