Homoni Isiyodai Jokofu

Mama anayejifungulia Ngorongo, au kwenye visiwa vya delta ya Rufiji upande wa Kibiti, yuko mbali na chumba cha upasuaji. Akianza kuvuja damu baada ya mtoto kuzaliwa, safari ya hospitali huenda ikategemea mtumbwi na maji ya bamvua; na mwezi Aprili 2024 mafuriko yalizamisha hata makazi. Hivyo uzito wote huiangukia sindano ya kwanza.

Kwa miaka mingi sindano hiyo imekuwa oksitosini, homoni ya peptidi yenye asidi amino 9, ambayo Vincent du Vigneaud aliiunda maabara mwaka 1953, akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1955. Ndani ya damu, nusu yake huondoka kwa dakika chache tu. Ndani ya kichupa huharibiwa na joto, ndiyo maana hutunzwa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8. Jokofu likizimika dawa haibadiliki rangi. Mkunga huchoma sindano akiamini amechoma dawa.

Kabetosini ni ndugu yake wa kutengenezwa. Wanakemia waliondoa kikundi cha amino mwanzoni mwa mnyororo, mahali vimeng'enya vinapoanzia kuutafuna. Katika daraja la salfa mbili wakaweka kaboni badala ya salfa moja. Kisha wakaiongezea tairosini kikundi cha methili. Nusu yake sasa hudumu takriban dakika 40. Lakini kudumu mwilini si kustahimili joto, ingawa wengi huyachanganya: kabetosini ya awali nayo ilidai jokofu. Ilibidi kubadili viambata vya kimiminika chake ndipo ikapatikana inayokaa kwenye nyuzijoto 30 kwa miaka 3.

Jaribio la Shirika la Afya Duniani lililochapishwa mwaka 2018, kwa wanawake karibu 30,000 wa nchi 10, zikiwamo Kenya na Uganda, lilionesha kuwa katika kuzuia upotevu wa damu wa mililita 500 au zaidi, au haja ya dawa ya nyongeza, haiko nyuma ya oksitosini. Tena oksitosini iliyotunzwa kwenye baridi, si iliyoshinda juani. Mwaka 2019 iliingizwa katika orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu.

Hata hivyo, oksitosini isitupwe. Kabetosini, mikrogramu 100 kwa dozi moja, ni ya kuzuia tu, na hutolewa mtoto akishazaliwa. Kamwe isitumike kuanzisha wala kuongeza uchungu. Dripu ya oksitosini hufungwa na mji wa mimba ukalegea baada ya muda mfupi. Kabetosini ikishaingia hairudi, na mtoto aliye tumboni hukosa hewa. Kabla ya kuchoma, papasa tumbo uhakikishe hakuna pacha aliyebaki.